Roketi ya Rangi ya Meli

Mjomba wangu hakuwa mtu wa kuomba. Ndiyo maana siku alipoishusha roketi yake kutoka juu ya kabati, nyumbani kwake Bluff, hapa Durban, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati na kuniwekea mapajani, nilijua jambo limekwisha kuamuliwa.

"Daktari kasema presha ya macho haina kurudi nyuma," alisema. "Kilichopotea kimepotea, na kilichobaki kinapungua. Nataka niione hii ikiruka. Mara moja tu."

"Mjomba, hii ina umri kunishinda mimi."

"Na mimi nina umri kuishinda hiyo. Mbona natembea?"

Tuielewe kwanza roketi yenyewe. Ni ya kuchezea, lakini huruka kweli. Mwili wake ni mrija wa karatasi ngumu, mfano wa ule unaobaki dukani jora la kitambaa likiisha. Chini ina mapezi matatu ya balsa, mti mwepesi kiasi cha kukatika kwa wembe, na juu ina pua ya balsa hiyohiyo, iliyochongwa mviringo. Mjomba aliinunua alipokuwa baharia, katika bandari moja ya Marekani ambako meli yao ilikaa ikisubiri nafaka. Ilikuwa vipande vipande ndani ya boksi. Aliiunda kabinini safari nzima ya kurudi upande huu, na kwa kuwa hakuwa na rangi nyingine aliipaka rangi ya meli: nyekundu ya kuzuia kutu sehemu ya chini, nyeupe sehemu ya juu.

Injini hakununua. Injini ya roketi ya namna hii ni baruti iliyoshindiliwa ndani ya kimrija kifupi, na nahodha gani atakubali baruti chini ya godoro la baharia? Basi roketi ikawa pambo. Mjomba aliacha meli, akaoa Durban, akafiwa na mke Durban, na muda wote huo roketi ilikuwa juu ya kabati imeelekea dirisha la bandarini.

Mimi natengeneza simu Isipingo, kusini ya Durban, karibu na stendi ya teksi, katika kiduka ninachogawana na saluni ya mama mmoja Mkongo. Kati yangu na yeye ipo mbao tu. Roketi ni starehe yangu. Nimekuwa nikirusha ndogondogo na klabu moja inayotumia shamba la miwa mbali na mji, kwa ruhusa. Mjomba aliujua mchezo wangu huo na hakuwahi kuusemea neno. Sasa alikuwa na neno.

Ugonjwa wake alinieleza hivi: ni kama kutazama kupitia bomba. Kikombe kilichoko mezani anakiona vizuri, mpaka chata iliyochorwa. Mkono unaokileta haoni. Kitu kikitoka nje ya kile kiduara, kimepotea, na kukitafuta tena ni kazi kama ya kutafuta pini gizani. Nilirudi nyumbani nikiwaza hilo. Roketi ya kawaida hutoka kwenye fimbo yake ya kurushia kama mtu aliyeitiwa polisi. Hata sisi wenye macho mazima huipoteza, tukaanza kuulizana iko wapi. Mjomba asingeweza kuitafuta. Kama angeikosa pale mwanzo, angekuwa ameikosa moja kwa moja.

Kwa hiyo nilihitaji roketi itakayopanda wima, na polepole. Mambo hayo mawili hayapatani, na nitakuonyesha sababu. Roketi husimama wima hewani kwa sababu ya upepo unaopita kwenye mapezi. Mwendo ukiwa mdogo, mapezi hayana cha kushika, na roketi huyumba kama mlevi. Polepole kwa ajili ya jicho, haraka kwa ajili ya usalama: kati ya hayo palikuwa na njia nyembamba, nami nilitakiwa kuipata kwa mrija mzee ambao singeweza kuununua mwingine.

Rangi ya meli ilikuwa nzito, hiyo ikanisaidia upande wa polepole. Lakini uzito huo ulihitaji injini kubwa kidogo kuliko ile iliyokusudiwa, na injini kubwa haikuingia. Nilikata kishikizo cha zamani cha injini, nikabandika kipya kwa gundi, taratibu, nikisikiliza karatasi isije ikachanika. Injini kubwa ikaongeza uzito nyuma. Roketi yenye uzito nyuma hugeuka hewani ikarudi kwa waliokuja kuitazama. Dawa yake ni kuongeza uzito puani.

"Pua usiiguse," alisema Mjomba. "Hiyo niliipiga msasa mwenyewe, Atlantiki nzima."

"Sitaigusa nje. Nitatoboa ndani, nitie chubwi."

Alifikiri kidogo, kisha akafungua sanduku lake la uvuvi akatoa chubwi za risasi, vile vizito vya kuzamishia mshipi, akazipima moja moja kiganjani. "Tia hizi. Angalau nazijua."

Kama nawe una roketi ya zamani na unaogopa kuijaribu, kipo kipimo rahisi ambacho hakihitaji hesabu. Ifunge uzi mahali inapokaa sawasawa bila kuinamia upande wowote, kisha izungushe juu ya kichwa. Ikielekeza pua mbele, iko salama. Ikienda mkia mbele au ubavu, rudi mezani. Tulifanya hivyo uani kwa Mjomba, mimi nikizunguka kama pangaboi, yeye akiwa ameketi mlangoni. Mara ya kwanza ilienda ubavu. Tukaongeza chubwi. Mara ya pili pua ikaenda mbele, imetulia.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza.

"Umeiona?"

"Nimeona uzi. Roketi inanipita."

Jioni ile, ndani ya teksi, niliona kuwa lazima akae mbali. Kitu kilicho karibu hupita haraka mbele ya macho. Kitu kilekile kikiwa mbali husogea kidogo tu. Tukimweka mbali vya kutosha, safari yote ya kupanda ingeweza kukaa ndani ya kiduara chake. Ingekuwa ndogo, lakini ingekuwa yote. Na ili aone mahali ilipofikia, ningetia unga wa chaki ya rangi ya chungwa ndani ya mrija, umwagike angani parachuti ikitoka.

Sasa kamba, maana mambo yote yalikuja kuning'inia hapo.

Injini ikimaliza kusukuma, roketi huendelea kupanda kwa nguvu iliyobaki. Injini hukaa kimya kidogo, halafu hulipuka mara ya pili, safari hii kuelekea ndani ya mrija. Mlipuko huo huitoa pua na kuisukuma parachuti nje. Pua na mwili vimeungwa kwa kamba ndefu. Bila kamba, pua hushuka na parachuti peke yake, na mwili huanguka kama tofali. Ya Mjomba ilikuwa kamba ya mpira, na nilipoivuta ilikatika kama tambi kavu.

Mama wa saluni alikuwa amechungulia juu ya mbao. "Mpira ya nini? Lete kipimo, fundi."

Alichukua zile nywele za bandia ambazo sisi tunaziita rasta na yeye huziita meshi, akasuka kamba nyembamba iliyokaza kama waya. Alipofika mwisho alitoa kiberiti cha gesi akaunguza ncha, ikayeyuka kidogo ikashikana, kama anavyofanya kwa kila kichwa kinachopita mikononi mwake. Tulining'iniza ndoo ya maji. Kamba haikulalamika.

"Vuta!" alisema. "Vuta kama unagombana nayo! Wanawake wa Isipingo wanapigana na hii kichwani na haitoki."

Niliivuta. Niliipenda. Ndani ya mrija, mbele ya kishikizo cha injini, nilikuwa nimefunga kipete cha chuma. Nikaipitisha ile rasta ndani ya kipete, ncha zake mbili zikatokea juu, nikazifunga puani. Mama alikuja na kiberiti chake akaunguza na fundo. Tulikuwa tumeizoea kazi hiyo mno: saluni nywele hufungwa kwa moto, moto ndio unaozuia msuko usifumuke. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba moto unaweza kuwa na kazi nyingine.

Siku ya klabu tuliyoipanga kwanza ilifutwa kwa upepo. Kati ya hapo na siku ya klabu iliyofuata, Mjomba alianza kumwaga chai nje ya kikombe. Siku yenyewe ilipofika tulipanda pikapu ya mama wa saluni, Mjomba mbele na sanduku lake la uvuvi miguuni. Alikuwa ameacha kuvua kwa ajili ya macho, lakini hakutoka nyumbani bila hilo sanduku.

"Papa," mama alimuuliza Mjomba tulipokuwa tumesimama kwenye roboti, taa za barabarani kwa lugha ya huku, "kule kwenye miwa iko samaki?"

"Iko miwa."

"Sasa hiyo sanduku?"

"Nitavua miwa. Taa imewaka, mama, endesha."

Mama alinitazama kwenye kioo. Mjomba alikuwa ameiona taa kabla yake. Nilishikilia hilo kama ushindi hadi tulipofika.

Shamba lilikuwa limekatwa miwa, limebaki visiki na majani makavu. Bendera ya upepo ilikuwa imenyooka. Msimamizi wa uwanja, mwalimu mstaafu mwenye kofia pana, alikuwa akiitazama kila baada ya mrusho mmoja, na kila alipoitazama alikaza midomo. Upepo ukipita kiasi, yeye hufunga uwanja, na hana mjadala. Nilimpa roketi aikague. Aliigeuza, akagusa ile rangi.

"Hii ni rangi gani?" aliuliza kwa Kiingereza.

"Ya meli."

Aliirudisha kwa mikono miwili. "Nitakupa nafasi. Itakuwa ya mwisho leo, upepo unapanda. Fanya haraka bila kufanya haraka."

Tulimweka Mjomba kwenye kiti, mbali, jua likiwa mgongoni. Nilimfundisha kuelekeza fimbo yake ya kutembelea kwenye kinara cha kurushia, kisha kuipandisha polepole na macho yafuate ncha. Tulirudia mpaka akachoka na mimi. Kutoka pale kinara, roketi ikiwa imekwisha kuvikwa kwenye fimbo yake ya chuma, kilikuwa kama njiti. "Nakiona," alisema. "Chembamba. Kina kitu chekundu."

"Ndiyo hiyo, Mjomba. Usiiache."

Nilirudi kinarani, nikaunga waya za kuwashia, nikageuka kuelekea kwenye kitufe cha kurushia. Hapo ndipo msimamizi alipopiga kelele.

"Moto! Zima moto huo!"

Sote tuligeuka. Mama wa saluni alikuwa ameketi juu ya ndoo yenye kifuniko, ile ya maji ya kuzimia moto, rasta yake moja imefumuka kwa upepo, ameishika mbele ya pua yake na kiberiti kinawaka.

"Naunguza kichwa ya meshi tu!"

"Majani yote haya makavu, mama!"

"Bon, nimezima, nimezima. Eish!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa naitazama ile ncha. Ilikuwa imeyeyuka ikawa tone jeusi, mara moja, kwa mwali mdogo usiofika urefu wa ukucha. Na ndani ya roketi, palepale kwenye kipete, nilikuwa nimefunga kitu kilekile mbele ya mdomo wa baruti. Karatasi ya kuzuia moto tuliyotia huilinda parachuti iliyo juu yake. Kamba huanzia chini ya karatasi hiyo.

Nilikwenda kwanza kwenye ubao wa kitufe nikachomoa ufunguo. Hilo ulifanye daima kabla ya kuisogelea roketi iliyoungwa waya, hata kama moyo unakuambia kimbia. Kisha nikaikimbilia.

"Kuna nini?" aliuliza msimamizi.

"Kamba itayeyuka."

Aliitazama bendera. "Upepo ukizidi huu, nafunga."

Nilitembea hadi kwa Mjomba na roketi mkononi. Alikuwa bado ameelekeza fimbo kwenye kinara kitupu.

"Chekundu kimetoka," alisema.

"Nimekitoa mimi." Nikamweleza. Mama alikuwa amefika, anahema.

"Sasa kosa iko yangu?"

"Ni yetu," nilisema. "Wote tuliunguza."

"Papa, nisamehe. Miye najua moto inakaza."

Mjomba alikuwa ameinama anapapasa chini ya kiti. "Sanduku langu liko wapi?"

"Liko garini."

"Basi mnasimama nini?"

Mama alikimbia. Aliporudi nalo, Mjomba alilifungua na kuingiza mkono bila kutazama, akatoa waya mwembamba wa chuma, ule unaofungwa juu ya ndoana ili samaki papa asikate mshipi kwa meno. Chuma hakiyeyuki kwa baruti kidogo hivyo. Lakini kipete kilikuwa ndani kabisa ya mrija, vidole havifiki, na injini ilikuwa nyuma yake.

Nitakueleza tulivyofanya kwa sababu utakuja kuhitaji siku moja, hata kama si kwa roketi. Umewahi kubadilisha uzi wa kiunoni mwa suruali? Huutoi wa zamani kwanza. Unafunga mpya kwenye ncha ya zamani, unavuta upande wa pili, na wa zamani unauongoza mpya njia nzima. Nilifungua ncha za rasta puani. Mjomba akasokota waya kwenye ncha moja, nami nikavuta nyingine, polepole sana, kwa kuwa mrija ulikuwa wa karatasi na waya ni msumeno. Ulikwama. Nilirudisha kidogo, nikavuta tena. Mama alikuwa anaomba Mungu kwa Kifaransa. Ncha ya waya ikatokea, inang'aa.

"Usiuache ufike mdomoni mwa mrija," alisema Mjomba. "Utapasua mrija ukivutwa."

"Nilitaka kusema hivyo."

"Basi tumesema wote. Chini waya, juu nywele."

Mama aliruka. "Unaona! Meshi yangu iko bado na kazi!"

Mjomba alisokota waya, akafunga rasta juu yake. Alifanya hivyo macho yakiwa yanatazama pembeni, mahali pasipo na kitu, vidole vinakwenda vyenyewe, vinasimama, vinapapasa, vinakwenda. Nilitaka kusaidia nikaweka mikono mifukoni. Alipomaliza alivuta mara moja, kwa nguvu, nikafumba macho. Ilishika.

Niliirudisha karatasi ya kuzuia moto, parachuti, chaki, kisha nikaivika tena roketi kinarani. Bendera ilikuwa inapiga kelele kama nguo kambani. Msimamizi alikuwa tayari ameinua mkono kufunga uwanja, akaushusha nusu.

"Nitasubiri upepo ushushe pumzi," alisema. "Usiposhusha, tutarudi siku nyingine. Pole."

Siku nyingine. Nilimtazama Mjomba kule mbali, mdogo kitini, fimbo imenyooka.

Kitufe nilimpa mama wa saluni. Mimi nafasi yangu ilikuwa nyuma ya Mjomba, mkono begani kwake, nimgeuze kama akiipoteza. Tulisubiri. Jasho la Mjomba lilikuwa limelowanisha shati hadi kwenye kiganja changu, na siku haikuwa ya joto. Bendera ikapiga, ikapiga, ikalegea.

Msimamizi akaanza kuhesabu kurudi nyuma.

Hapo sikutazama kinara. Nilijua kwamba nikitazama roketi, sitajua kama anaiona. Na kilichotuleta pale hakikuwa roketi kuruka, kilikuwa yeye aione. Niliinama pembeni nikatazama macho yake.

Sauti ilifika, ule mvukuto mkali kama sufuria ya mafuta iliyomwagiwa maji. Mama alipiga ukelele. Macho ya Mjomba hayakuruka. Yalianza kupanda. Fimbo ilibaki chini, ameisahau, lakini macho yalipanda taratibu bila kukatika, kisha yakaegemea kidogo kushoto, kisha yakasimama. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Tulikaa hivyo muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Nikasikia mlipuko mdogo juu, kama mtu aliyefunga mlango wa chumba cha mbali.

"Chaki," alisema Mjomba.

Kisha macho yake yakaanza kutangatanga, huku na huku, haraka, kama ya mtu aliyeachwa mkono sokoni.

"Imepotea. Iko wapi? Imefunguka?"

Niliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Juu kulikuwa na wingu dogo la rangi ya chungwa linachanika, na chini yake, ikielekea kwenye visiki, parachuti imejaa, pua na mwili vinabembea pamoja.

"Imefunguka, Mjomba. Vyote viwili vipo. Inashuka."

Aliachia pumzi, akatafuta fimbo yake chini.

Mama alikwenda kuileta, viatu mkononi, akiruka visiki. Pezi moja lilikuwa limepasuka kwa kuangukia kisiki cha muwa. Waya ulikuwa mweusi tii. Rasta, kuanzia pale ilipofungwa, ilikuwa nzima, imekunjamana kidogo tu kwenye fundo. Mjomba aliipokea roketi akaipapasa yote kwa kidole gumba, pua, rangi, mrija, pezi lililopasuka.

"Hili linabandikika," alisema.

"Linabandikika."

Msimamizi alikuwa anakunja bendera. Njia nzima ya kurudi Mjomba hakunyamaza. Alinieleza mara ya kwanza akiwa anatazama barabara, mara ya pili amenigeukia, na tulipokamatwa na roboti karibu na Isipingo alieleza kwa mkono, kiganja kikipanda mbele ya kioo cha gari hivi mpaka mama akamwambia, "Papa, watu watafikiri unasimamisha teksi."

"Ilitoka kwanza kama haitaki," alisema. "Nikasema, imeshindwa. Halafu ikakubali. Moto wake mdogo, mweupe, chini ya ile nyekundu. Ikaenda juu sawasawa, kisha ikaegemea upande wa upepo, kidogo, kama meli ikitoka bandarini inapokutana na mkondo. Ikasimama. Ndipo ikatapika ile chaki." Akashusha mkono. "Wewe uliionaje?"

"Vivyo hivyo," nilisema.

Mpaka leo sijaiona ikipanda. Pezi tulilibandika, na roketi imerudi juu ya kabati. Macho ya Mjomba sasa hayafiki hapo. Watu wakiniuliza iliruka vipi, huwaeleza hivyo hivyo: kwanza kama haitaki, halafu ikakubali.